Maswali mnayotuulizaga kila siku kuhusu hadithi zetu

Tumeamua kuyaandika yote sehemu moja maana kila wiki kuna mtu anauliza lile lile, na anayepokea simu ni mmoja tu, naye mchana yuko kwenye bodaboda. Kwahiyo soma kwanza, ukikosa ndo upige.

Nyie ni kina nani hasa?

Watu sita, wanawake watatu wanaume watatu. Tupo Mbagala, hatuna ofisi wala kibao cha barabarani, mazoezi tunafanyia uani kwa mama wa mmoja wetu chini ya mwembe na siku akifua tunahamia barazani. Kazi yetu ni kusimulia hadithi kwa kuziigiza, yaani msimulizi yupo, wapo wanaoingia na kutoka kama fisi, mfalme, mama mkwe, mti, chochote, mpiga ngoma yupo na wa marimba yupo, na wote hao ni sisi sisi sita tunabadilishana. Hatuko chini ya chama, dhehebu wala mradi. Mmoja wetu ni fundi cherehani, ndo anatushonea maleba kwa vipande vya vitenge vinavyobaki kwa wateja wake, ndo maana fisi wetu ana maua.

Kumbe ni komedi?

Hapana jamani. Watu wanacheka kweli, tena sana, lakini yule wa komedi anakuletea kitu kimeshaiva, we kazi yako ni kucheka tu. Sisi tunakuja na nusu, nusu nyingine unayo we uliyekaa kwenye mkeka.

Kwanini kila shoo lazima paukwa pakawa, si muanze tu?

Hatuwezi kuanza tu. Msimulizi akisema paukwa ni kama anabisha hodi, mkiitikia pakawa ndo mmemkaribisha ndani, sasa we unaingia nyumba ya watu bila kukaribishwa? Wengi siku hizi wanajua lile fupi tu, hadithi hadithi, hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea, na sisi tunalitumia, ila wakiwepo wazee tunawaachia lile refu, kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwanasiti, vijino kama chikichi, vya kujengea kikuta na vilango vya kupita. Kila mtaa una maneno yake kidogo, wengine watakwambia sio kikuta ni vikuta, na tumeshaona wazee wawili wanabishana hapo hapo shoo ikasimama dakika kumi. Hatukuwakatiza. Ile nayo ilikuwa shoo.

Kuna siku tuliitwa hotelini, hafla ya watu wa kampuni fulani, tukawekwa mbele wakati wageni wanakula. Msimulizi akasema paukwa, kimya, vijiko tu. Akasema tena, mmoja akainua simu akatupiga picha. Mara ya tatu hamna. Tukakaa chini kabisa, sakafuni, ya nne ikajibiwa kutoka mlangoni, wahudumu walikuwa wamesimama pale na masinia yao wakaitikia PAKAWA kwa pamoja. Basi tukageuka tukawasimulia wao. Aliyetuita hakufurahi na hajatuita tena, lakini hadithi ilisimuliwa vizuri sana usiku ule.

Na kufunga ni hivyo hivyo. Ikiwa nzuri ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yangu mimi niliyeisimulia. Hatujalitunga sisi, wasimulizi wa Unguja walikuwa wanafunga hivyo zaidi ya miaka mia na hamsini iliyopita.

Mbona hampandi jukwaani? Tuna jukwaa zuri kabisa shuleni kwetu

Asante lakini tutaweka mikeka pale chini mbele yake. Jukwaa likiwa juu mtoto wa nyuma anajiona yuko kwenye sherehe ya watu wengine, haitikii. Tunakaa duara, au nusu duara kama kuna ukuta, watoto mbele kwenye mikeka, wakina mama kwenye viti, vijana wanaojidai hawana habari wanasimama nyuma (hao ndo huwa wanaimba kwa nguvu kuliko wote ikifika nusu saa).

Sio kwamba jukwaa lenyewe ni baya. Wazazi wetu wanakumbuka enzi za vikundi vya sanaa vya Muungano na TOT, unaenda baa unalipa kiingilio unapata ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo na taarabu usiku mmoja, na pale jukwaa lilikuwepo, ila watu walikuwa wanapanda kwenda kumtunza mwimbaji, mama anacheza mdogo mdogo na noti yake mkononi mpaka mbele na kila mtu anajua ile noti anampelekea nani ujumbe. Jukwaa lilikuwa na ngazi ya watu. Halafu angalia vile vibanda umiza vya video, sinema ni ya Hong Kong, ina sauti yake na kila kitu, bado watu walikuwa wanalipa ili wasikie DJ kama Lufufu anavyowasimulia juu yake. Watu wanataka mtu awaambie, sio kuonyeshwa tu.

Hadithi mnatoa wapi, mnatunga wenyewe?

Tunatunga chache. Nyingi ni za bibi na babu, sungura na fisi, Abunuwasi, mazimwi, na kila mmoja wetu ana za kwao, tunaye Mgogo, tunaye Mmakonde, tunaye wa Tanga ambaye kila hadithi yake ina bahari hata kama inatokea mlimani.

Sasa mtu akisema hizi ni zetu asilia hazijachanganyika na kitu huwa tunamsimulia Kima na Papa. Unaijua: kima anakaa juu ya mkuyu ulioinamia baharini, anamrushia papa matunda, wanakuwa marafiki, siku moja papa anamwambia njoo kwetu nikutembeze, panda mgongoni. Katikati ya maji ndo anamwambia ukweli, sultani wetu anaumwa, dawa yake ni moyo wa kima. Kima anatulia anamwambia ungeniambia mapema, sisi bwana tukisafiri mioyo tunaiacha nyumbani juu ya mti, nirudishe nikakuchukulie. Papa anarudi, kima anapanda juu na hashuki tena. Papa akiita anajibiwa, unanifanya mimi punda wa dobi? Hapo ndo inaanza hadithi ya pili ndani ya ile ya kwanza, ya punda aliyemkimbia simba mara moja akadanganywa akarudi akaliwa, na sungura akala moyo na masikio kimya kimya, simba alipouliza viko wapi akaambiwa huyu hakuwa na moyo wala masikio, angekuwa navyo angerudi?

Hiyo hadithi kule India ipo tangu zamani sana, mle kwenye kitabu chao cha hadithi, Panchatantra, ila mwenye njama ni mamba. Waarabu wakaichukua karne ya nane kwenye kitabu cha Kalila na Dimna, akawa kobe. Ikafika kwetu kwa majahazi pamoja na vitambaa na tende, na Unguja wakaangalia baharini wakasema kobe anamla nani, weka papa. Askofu mmoja Mwingereza, Edward Steere, aliisikia pale Unguja akaichapisha London mwaka 1870, kwa Kiswahili na Kiingereza. Kwahiyo ni ya India, ni ya Waarabu, ni yetu. Kima ni yule yule na mti ni mkuyu wetu.

Ile hadithi ya paa mliibadilisha mwisho? Bibi yangu anasema sio hivyo

Hatujabadilisha, mwambie bibi shikamoo na kwamba yuko sahihi. Hii ni ya Sultani Darai, masikini anachakura jaani anatafuta punje za mtama, anaokota kijihela ananunua paa, paa anaongea, anamtafutia mali, anamposea binti wa sultani, anapigana na nyoka mwenye vichwa saba ili bwana wake apate nyumba. Mwisho paa anaugua. Anamtuma mtu kwa bwana wake, bwana anasema mpikieni uji wa mtama, tena ule wa hali ya chini. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Na yule bwana anakuja kustuka yuko kule kule jaani anachakura.

Sisi pale anapoumwa paa tunasimama. Yule anayecheza bwana hasemi neno, anawaangalia watu, anasubiri. Hatukupanga hivyo, ilitokea Kigamboni mwigizaji alisahau mistari yake (hahaha samahani kaka), na kwenye ule ukimya mama mmoja akaropoka, mpe maziwa we mwanaharamu! Mwingine akamjibu hana roho huyo tangu amepata nyumba, mara mtaa mzima unagombana na bwana, wengine wanamtetea eti mnyama ni mnyama. Tangu siku hiyo tunauacha ukimya hapo hapo, na kila sehemu wanajibu kivyao. Kuna mahali walimshawishi mwigizaji wetu mpaka akayumba, akaanza kwenda kwa paa, ikabidi msimulizi amkumbushe hadithi inavyokwenda. Bibi yako huenda alikuwepo siku hiyo.

Mnaweza kuweka ujumbe wa mradi wetu kwenye hadithi?

Inategemea unaposema kuweka unamaanisha nini.

Kutumia sanaa kuongelea shida za watu sio kitu kipya wala hakijaletwa na semina. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 ilikuwa ngonjera, za Mathias Mnyampala, kila shule watoto wanajibizana kwa mashairi. Halafu walimu wa Chuo Kikuu cha Dar, wakina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walienda Malya kule Kwimba mwaka 1982 na 83, wakakaa na wanakijiji, wakauliza kwanza shida yenu ni ipi, na ngoma na maigizo yakatoka kwa wale watu wenyewe. 1996 wakaanzisha Tuseme kwa ajili ya wasichana wa sekondari, mpango ni ule ule, msichana mwenyewe ndo anasema kinachomsumbua shuleni na anakiigiza mbele ya walimu.

Hiyo tunaiweza na tunaipenda. Tusichokiweza ni kile cha shirika moja, hatulitaji, lililotaka sungura atamke jina lote la mradi, jina lina maneno kumi na moja tulihesabu, halafu mwisho wa hadithi avae fulana yao. Tukakataa, wakabembeleza, tukasema sawa fulana itavaliwa, tukamvisha fisi. Nusu ya pili ya malipo bado tunaisubiri.

Kwahiyo ukitaka kuongea na wazazi kuhusu, tuseme, watoto kuacha shule, tupe siku tatu nne za kukaa na watu wa hapo kabla, tusikie wanavyoongea wenyewe. Tukija na ujumbe mfukoni watu wanaunusa, wanaitikia pakawa kwa adabu tu na wakiondoka wameondoka.

Kuanzia watoto wa miaka mingapi?

Wote. Ila hadithi za zimwi mla watu tunazipeleka mwisho ili wadogo wawe wameshalala.

Mbona hadithi ni usiku tu, si mfanye mchana watoto warudi mapema?

Mashuleni tunafanya mchana, hamna namna. Lakini mtaani tunaanza baada ya isha. Bibi zetu walikuwa wanatutisha ukisimulia hadithi mchana utaota mkia, na ukikua unaelewa alikuwa anataka maji yachotwe na kuni ziokotwe kwanza, alikuwa hana haja na mkia wako. Ila giza nalo lina kazi yake, mtu mzima kwenye mwanga anaona aibu kuitikia na kuimba mbele ya jirani yake, taa ikipungua anaimba. Tunatumia taa mbili za betri na koroboi moja, koroboi ni ya mazimwi.

Bei gani?

Mtaani kiingilio buku mbili mkubwa, mtoto bure, asiye nayo anakaa tu hatumfukuzi. Kofia inapita mwishoni, ukitaka kumtunza msimulizi katikati ya wimbo mtunze, ruksa. Shule na sherehe tunaongea, kinachopandisha bei ni nauli na mahali pa kulala sio sisi, maana ngoma tatu na marimba hazipandi daladala bila ugomvi na konda. Tukialikwa mkoani tunaomba chakula na sehemu ya kulala, jamvi linatosha, ila huyo wa marimba anakoroma apewe chumba chake.

Na tafadhali, zile za njooni mjitangaze hela hamna ila mtapata jina, jina tunalo.

Mna vibali?

Ndio. Vikundi vya sanaa vinasajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, baraza lenyewe lipo kwa sheria ya mwaka 1984, na tukija kwako kabla ya chochote tunapita kwa afisa utamaduni na ofisi ya serikali ya mtaa. Wenyeji naomba mtusaidie hapa, mwenyekiti akisikia kwanza kutoka kwenu mambo yanakuwa mepesi, akisikia ngoma saa mbili usiku bila taarifa anakuja na mgambo.

Naweza kurekodi kwa simu?

Wimbo mmoja sawa. Shoo nzima tunaomba usifanye hivyo, na sababu sio wizi. Ukishika simu mikono yako yote miwili ina kazi, hupigi makofi, na mdomo umefunga ili sauti yako isiharibu video. Tumeshapiga shoo watu thelathini wamenyanyua simu, ilikuwa kama kusimulia kwenye duka la umeme.

Hizo za jadi kuna mwenye hakimiliki?

Kima na Papa haina mtu mmoja mwenye nayo, simulia. Ila jinsi sisi tulivyoiandika kuwa igizo, nyimbo tulizotunga na mpangilio wake ni kazi yetu, na sheria ya hakimiliki ya 1999 inatulinda kama inavyomlinda mwanamuziki. Sheria hiyo hiyo ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, kwahiyo mtu akitaka kuchukua ngoma ya watu akaiuzie tangazo la biashara asidhani haina mwenyewe. Mwalimu unayetaka kuigiza na watoto darasani hatukudai kitu, tuambie tu tuje kuangalia.

Nataka kujiunga, sijasoma sanaa

Kati yetu sita waliosoma ni wawili, wote Bagamoyo, pale TaSUBa, kile chuo cha sanaa kilichoanza 1981. Wamefundishwa sauti, mwili, ngoma za makabila mengi, na inaonekana, wakianguka jukwaani hawaumii sisi tunaumia. Kama unaweza kwenda nenda, na tamasha lao la kila mwaka usilikose hata kama ni mtazamaji tu.

Ila kwetu mtihani ni mmoja. Unakuja Jumamosi mazoezini unakaa pembeni unaitikia. Wiki tatu. Ukiweza kuitikia hadithi ile ile kwa wiki tatu kama ndo unaisikia leo, ya nne tunakupa uhusika. Wengi wanaotaka kuwa mastaa wanaishia wiki ya kwanza.

Mnatumia Kiswahili tu?

Masimulizi ndio, nyimbo hapana. Wimbo wa hadithi ukiutafsiri unakufa, wa Kigogo unabaki Kigogo na zeze lake, tunafundisha watu kiitikio kabla na wanakishika ndani ya dakika mbili, hata wasiojua neno moja. Watoto wa Mbagala wanaimba Kigogo barabarani siku hizi, mama mmoja alitufuata kutuuliza mwanae anatukana au anaimba.

Mvua ikinyesha?

Tunahamia barazani kwa mtu, mnabanana. Tena inanoga zaidi.

Bibi yangu ana hadithi nyingi, mnaweza kuja kuzichukua?

Tunakuja, ila sio kuzichukua. Tunakaa nae jioni, tunamwitikia, hata siku mbili tatu, na kama ataturuhusu tunarekodi sauti na nakala ya kwanza inabaki kwenu. Akisema hii msimpe mtu hatumpi mtu. Tukiigiza tunataja kwamba tumeipata kwa bibi fulani wa mahali fulani, akitaka kutajwa, na kwenye shoo ya kwanza anakaa mbele kwenye kiti sio mkeka. Jiandae tu, huwa wanatukatiza katikati kutusahihisha mbele ya watu wote, na ikitokea hivyo tunaanza upya kuanzia paukwa.